Umar bin Abdul-Aziz: Tunasimulia taa, kodi tunaiacha

Kisa cha taa ya Umar bin Abdul-Aziz sidhani kama kuna Muislamu wa mjini asiyekijua. Khalifa yuko usiku anafanya kazi za umma kwa taa iliyotiwa mafuta ya Baitul Mali, mara mazungumzo yanageukia habari za nyumbani kwake, naye anaizima taa ile na kuagiza iwashwe ya kwake mwenyewe. Tumekisikia katika khutba za Ijumaa, katika mihadhara ya Ramadhani na katika darasa za watoto madrasa.

Sina ugomvi na kisa hicho. Ugomvi wangu ni kwamba tunaishia hapo. Mafuta ya taa moja ni kiasi gani? Mtu huyu alitawala kuanzia Andalusia na Afrika ya Kaskazini mpaka Khurasan, na katika muda wa miaka miwili na miezi mitano aliingiza mkono katika jambo ambalo watawala wote wanaliogopa, nalo ni kodi: nani atozwe, nani asitozwe, atozwe kwa haki gani na fedha zikishapatikana ziende wapi. Barua alizowaandikia magavana wake juu ya suala hilo zimehifadhiwa katika vitabu vya Abu Yusuf, Abu Ubayd, Al-Baladhuri na At-Tabari. Masheikh wetu wanavijua. Lakini mimbarini tunapewa taa.

Nafundisha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu sekondari. Tukifika kwenye historia ya makhalifa, swali moja hurudi kila mwaka, na aghalabu muulizaji ni mtoto wa mfanyabiashara: ikiwa kodi inaliwa na wakubwa, Muislamu anayeikwepa ana dhambi gani? Swali hilo hawakulisoma kitabuni, wamelibeba kutoka nyumbani. Ndilo linalozungumzwa barazani, kwenye daladala na madukani ambako mteja huambiwa bei mbili, ya risiti na ya bila risiti. Basi kabla ya kumjibu kijana huyo nadhani tuitazame sira ya Umar, tena tuitazame kwa upande wa mfuko.

Umar alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya sitini Hijria, yaani karibu na mwaka 680. Mama yake, Ummu Asim, alikuwa mjukuu wa Khalifa Umar bin Al-Khattab (r.a.). Hili tunapenda kulitaja. Tusilopenda kulitaja ni kwamba kwa baba alikuwa mtoto wa ndani kabisa wa ukoo wa watawala wa Bani Umayya. Baba yake, Abdul-Aziz bin Marwan, alikuwa gavana wa Misri kwa takriban miaka ishirini, na Misri ndiyo iliyokuwa ng'ombe wa maziwa wa dola. Kwa lugha ya wazi, kijana Umar alilelewa kwa kodi za wakulima wa bonde la Mto Nile. Alipelekwa Madina kusoma kwa wanazuoni wakubwa wa zama zile, akatoka na elimu nzuri. Lakini wanahistoria wanatueleza pia juu ya nguo zake za bei kubwa, manukato yake yaliyotambulika kabla mwenyewe hajafika, na mwendo wake wa madaha ambao vijana wa mjini walikuwa wakiuiga. Akamuoa Fatima binti ya Khalifa Abdul-Malik, mwanamke ambaye baba yake alikuwa Khalifa na kaka zake wanne walikuja kuwa makhalifa.

Mwaka 87 Hijria (706) Al-Walid bin Abdul-Malik alimteua kuwa gavana wa Madina. Jambo la kwanza alilolifanya ni kuwaita wanazuoni kumi wa mji huo na kuwaomba wawe washauri wake, na wamfikishie habari ya mtumishi yeyote wa serikali atakayemdhulumu mtu. Habari zikaenea. Watu waliokuwa wakikimbia mkono wa Al-Hajjaj bin Yusuf kule Iraq wakaanza kukimbilia Hijazi, Al-Hajjaj akamshitaki kwa Khalifa, na mwaka 93 (712) Umar akaondolewa kazini. Uadilifu ulimgharimu kazi.

Huyu Al-Hajjaj inabidi tumtazame kidogo, kwa sababu bila kumjua yeye hatuelewi Umar alirithi nini. Alitawala Iraq kwa miaka ishirini, toka 75 hadi 95 Hijria. Mfumo wa kodi ulikuwa hivi: Muislamu alitoa zaka. Asiyekuwa Muislamu alitoa jizya, kodi ya kichwa, naye kwa malipo hayo alilindwa na hakulazimika kwenda vitani. Ardhi zilizotekwa zilitozwa kharaj, kodi ya ardhi. Sasa wakulima wa Iraq walipoanza kusilimu kwa wingi, na wengi wao kuhama vijijini kuingia mijini, mapato ya jizya na kharaj yakapungua. Al-Hajjaj hakuona kwamba hiyo ni neema ya watu kuingia katika dini. Aliona pengo kwenye bajeti! Akawaamuru warudi vijijini kwao na waendelee kulipa jizya ilhali wanasali, wanafunga na wanashahadia kama yeye. Imepokewa kwamba wengine waliandikwa mikononi majina ya vijiji vyao ili wasijichanganye tena na watu wa mjini, na kwamba wasomi wa Basra waliwaona watu hao wakitoka huku wanalia, nao wakalia pamoja nao.

Hiyo ndiyo hali ya umma pale Khalifa Sulayman bin Abdul-Malik alipofariki huko Dabiq, kaskazini ya Sham, mwezi wa Safar mwaka 99 (717). Kwa ushauri wa mwanachuoni Raja bin Haywa, Sulayman alikuwa ameacha wasia uliofungwa kwa muhuri, na watu wakala kiapo cha utii kwa jina wasilolijua. Wasia ulipofunguliwa jina lilikuwa la Umar. Aliletewa farasi wa msafara wa kifalme, akawakataa, akaomba nyumbu wake. Wanyama wale wakauzwa na thamani yao ikaingizwa Baitul Mali.

Hapa ndipo naomba msomaji wangu atulie nami kidogo, maana utaratibu aliofuata una maana kubwa kuliko kisa chote cha taa. Umar hakuanza na wakulima, wala wafanyabiashara, wala magavana. Alianza na hati zake mwenyewe. Alikuwa na mashamba na mali huko Hijazi, Yemen na kwingineko, nyingi kati ya hizo zikiwa ni zawadi za makhalifa waliomtangulia, yaani mali ya umma iliyogawiwa kindugu. Inasimuliwa kwamba aliwaita watu, akamketisha mtumishi wake Muzahim na kapu la hati, Muzahim akawa anasoma moja baada ya moja, naye Umar ana mkasi mkononi anazikata. Waliendelea hivyo mpaka ikaadhiniwa adhuhuri. Fadak, ambayo ilikuwa imefikia mikononi mwake, akairudisha katika matumizi yaliyokuwa nayo zama za Mtume (s.a.w.). Kisha akaingia ndani kwa mkewe. Fatima alikuwa na kito cha thamani alichopewa na baba yake. Umar akamwambia achague: kito kile kiende Baitul Mali, au waachane, kwa sababu hawezi kulala nyumba moja na kito hicho. Fatima akakitoa.

Baada ya nyumba yake wakafuata ndugu zake wa Bani Umayya. Posho maalumu zikafutwa. Ardhi walizowapokonya watu zikaanza kurudishwa kwa wenyewe, kiasi kwamba mtu hakulazimika kuleta ushahidi mzito ikiwa dhulma ilikuwa inajulikana. Wakubwa wale wakapiga kelele, wakamtuma shangazi yao mzee, Fatima binti Marwan, aende akamlainishe. Bibi yule alikwenda, akasikiliza hoja za mpwa wake, akarudi kwa waliomtuma na kuwaambia kwamba wajilaumu wenyewe kwa kuoa katika kizazi cha Umar bin Al-Khattab.

Baada ya hapo ndipo ikaja zamu ya kodi.

Barua inayonivutia kuliko zote ni ile aliyomwandikia gavana wake wa Kufa, Abdul-Hamid bin Abdur-Rahman. Si barua ya mawaidha. Ni waraka wa mtu anayejua namna mkulima anavyokamuliwa. Alimweleza kwamba watu wa Kufa wamepatwa na balaa na mateso kutokana na hukumu za dhulma walizoachiwa na watendaji waovu. Akamkataza kutoza ardhi iliyokufa kodi ya ardhi yenye rutuba. Ardhi iliyokufa ichunguzwe, itozwe inachoweza kubeba, na ihudumiwe mpaka istawi. Kisha akaanza kuzitaja tozo ndogondogo zilizokuwa zimepachikwa juu ya kodi halali. Mkulima alikuwa akilipa kodi yake, halafu anaambiwa alipe ujira wa wanaofua sarafu. Analipa gharama ya karatasi inayoandikiwa hesabu yake. Analipa ujira wa tarishi anayeleta barua ya kudaiwa. Analipa pango la nyumba. Sikukuu za Nairuzi na Mihrajani, ambazo ni za Wafursi, anatakiwa apeleke zawadi kwa mkubwa. Na akioa, au akiozesha, kuna dirhamu za ndoa. Umar akazifuta zote, moja moja kwa jina lake, na mwisho akaongeza kwamba aliyesilimu katika watu wa ardhi hiyo asitozwe.

Msomaji atazame vizuri orodha hiyo. Kodi kuu pengine watu waliizoea na kuikubali. Kilichowatoa roho ni vile vikorombwezo, kulipia karatasi ya kudaiwa!

Sisi Tanzania jambo hili hatuhitaji kuelezwa sana. Wazee wetu wanakumbuka kodi ya maendeleo, ambayo watu waliendelea kuiita kodi ya kichwa, na mbio za kujificha mgambo wanapoingia mtaani, mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala mmoja kulingana na kiasi kinachotumwa. Mtu aliyekwishakatwa kodi kwenye mshahara akawa anakatwa tena anapomtumia mama yake fedha ya dawa kijijini. Kelele zilikuwa kubwa, na viwango vikapunguzwa ndani ya mwaka huohuo na tena mwaka uliofuata. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo wakafunga maduka. Ukisikiliza malalamiko yao, sehemu kubwa ilihusu namna kodi inavyodaiwa: vikosi vinavyoingia dukani, makadirio yasiyoeleweka, mazungumzo ya pembeni. Waziri Mkuu alilazimika kwenda mwenyewe kuwasikiliza. Na katika mazungumzo yote hayo ya mitaani, tangu tozo mpaka Kariakoo, neno lililokuwa likirudi ni lilelile: mashangingi ya serikali, safari za wakubwa, na mabilioni ambayo ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu huyataja kila mwaka. Watu hawasemi hawataki hospitali na barabara. Wanauliza mkasi umeanza kukata hati za nani.

Turudi Damascus. Kule Rafah, kwenye njia baina ya Sham na Misri, palikuwa na jengo lililoitwa Nyumba ya Ushuru, ambako wasafiri na wafanyabiashara walisimamishwa na kutozwa. Umar alimwandikia ofisa wake aende akaibomoe nyumba hiyo, kisha vifusi vyake avibebe mpaka baharini na kuvitupa humo. Hakuridhika kuifunga, maana jengo likibaki, mtawala mwingine angepaka chokaa na kulifungua upya. Na kwa gavana wa Basra, Adi bin Artat, aliandika kwamba ushuru wa namna ile usiitwe ushuru, jina lake sahihi ni ule upunjaji wa mali za watu uliokatazwa katika Qur'an kupitia kisa cha Nabii Shuaibu (a.s.).

Adi huyuhuyu alimwandikia akiomba ruhusa. Kuna watu, alisema, hawatoi wanachodaiwa mpaka waadhibiwe kidogo. Jibu la Umar lilikuwa kali. Alishangaa kuombwa ruhusa ya kuwatesa binadamu, kana kwamba yeye Umar ni ngao ya kumkinga Adi na adhabu ya Allah. Mwenye kukiri deni achukuliwe kwa alichokiri, anayekana aapishwe na aachwe. Bora wakutane na Mola wao wakiwa na hiyana yao kuliko yeye kukutana Naye akiwa na mateso yao shingoni.

Kutoka Khurasan ulikuja ujumbe wa watu watatu, Waarabu wawili na mmoja katika wale wasiokuwa Waarabu. Wawili walisema, wa tatu akakaa kimya mpaka Umar mwenyewe alipomtaka aseme. Huyo ndiye aliyesema la maana: kuna watu elfu ishirini wasiokuwa Waarabu wanaopigana jihadi bila posho wala chakula, na idadi kama hiyo wamesilimu lakini bado wanatozwa. Khalifa akamwandikia gavana wa huko, Al-Jarrah bin Abdillah, kwamba anayesali kuelekea Kibla aondolewe jizya. Watu wakamiminika kusilimu. Wakubwa wa huko wakamwambia Al-Jarrah kwamba hawa wanakimbia kodi tu, awapime kwa tohara. Umar aliposhauriwa akajibu kwamba Allah alimtuma Muhammad (s.a.w.) kuwa mlinganiaji, hakumtuma kuwa ngariba. Haukupita muda mrefu Al-Jarrah akaondolewa. Na gavana wa fedha wa Misri, Hayyan bin Shurayh, alipolalamika kwamba kusilimu kwa watu kunaitia hasara hazina, alipata jibu la aina hiyohiyo: Mtume alitumwa kuongoza, hakutumwa kukusanya kodi.

Lakini tusifikiri haki hii ilikuwa ya Waislamu peke yao, kosa ambalo baadhi ya wahadhiri wetu hulifanya. Wakristo wa Najran, waliokuwa wamehamishiwa Iraq, walikuwa bado wanadaiwa mavazi elfu mbili kwa mwaka kwa mujibu wa mapatano ya zamani, ilhali idadi yao ilikwishapungua sana. Umar akaagiza wahesabiwe. Wakapatikana kuwa sehemu moja ya kumi ya walivyokuwa. Akawashushia deni mpaka mavazi mia mbili. Watu wa Kisiwa cha Cyprus walikuwa wameongezewa dinari elfu moja juu ya mapatano yao, akawaondolea. Aliona kuwa mkataba ni mkataba, hata na asiyekuwa Muislamu.

Msomaji mwenye duka atauliza: basi hazina haikukauka? Swali la haki, na Umar hakuwa mjinga wa hesabu. Upande wa matumizi, alilirudisha jeshi lililokuwa limeuzingira mji wa Constantinople, vita vilivyokuwa vimemeza watu na mali bila ya matokeo. Alipokuta barua ambayo gavana mkubwa Yazid bin Al-Muhallab alimwandikia Khalifa aliyepita, akijisifu kwa kiasi kikubwa cha fedha alichokipata Jurjan, alimdai fedha hizo. Yazid akajitetea kwamba alitia chumvi tu ili watu wasikie. Umar akamweka ndani. Usama bin Zayd At-Tanukhi, mtoza kodi wa Misri aliyesifika kwa ukatili, naye akafungwa. Upande wa mapato, alisimamisha uuzaji wa ardhi za kharaj kwa Waislamu kuanzia mwaka 100, ili ardhi za umma zisiendelee kumegwa na kutoweka katika daftari la kodi.

Kisha kuna fedha zilivyotumika. Gavana wa Kufa alipokwisha kulipa posho za watu aliandika kwamba kuna fedha zimebaki. Akaambiwa atafute wenye madeni waliokopa bila ya israfu awalipie. Akaandika tena, zimebaki. Akaambiwa amtafute kila kijana asiye na mke anayetaka kuoa, amlipie mahari. Zimebaki. Akaambiwa awatazame wakulima wasiokuwa Waislamu walioelemewa na ardhi zao, awakopeshe za kulimia. Angalieni hatua hiyo ya mwisho. Serikali inarudisha fedha kwa mlipa kodi ili mwaka ujao aweze kulipa bila kuumia. Yahya bin Said, aliyetumwa Afrika ya Kaskazini kukusanya zaka, amesimulia kwamba alitafuta masikini wa kumpa asipate, akanunua watumwa na kuwaacha huru.

Kuna habari moja ambayo wasimuliaji huiruka kwa sababu inaonekana kama inamvunjia heshima. Katika utawala wake bei za vyakula zilipanda. Watu walimuuliza: mbona zama za waliokutangulia vitu vilikuwa rahisi? Akajibu kwamba waliotangulia waliwabebesha wakulima wasio Waislamu mzigo usiobebeka, hivyo walilazimika kutupa mazao sokoni kwa bei yoyote ili walipe. Yeye hambebeshi mtu zaidi ya uwezo wake, kwa hiyo kila mtu anauza anapotaka. Mwingine akapendekeza apange bei, akakataa. Mimi naiona habari hii kuwa ni ushahidi mkubwa zaidi wa uadilifu wake, kwa sababu alikuwa tayari kulaumiwa na watu wa mjini, ambao sauti yao husikika, kwa ajili ya wakulima ambao hawakuwa na wa kuwasemea. Unga rahisi mjini mara nyingi una mkulima aliyekamuliwa nyuma yake. Hilo nalo tukumbuke tunapolalamika.

Sasa kwa kijana wangu wa darasani. Wanazuoni wamejadili sana kodi zisizokuwa zaka. Al-Ghazali na Ash-Shatibi walizikubali pale hazina inapokuwa haina kitu na umma una haja ya kweli, kwa masharti. Sheikh Izzud-Din bin Abdis-Salam, alipotakiwa Misri karibu na mwaka 1260 atoe fatwa ya watu kutozwa ili kupambana na Wamongolia, aliweka sharti la kwanza kwamba wakuu watoe kwanza dhahabu na mapambo yao wabaki sawa na raia. Kwa hiyo namwambia kijana kwamba mlango wa kudai uko wazi, tena ni wajibu: kudai hesabu, kudai tozo zisizo na msingi ziondolewe, kupeleka wajumbe kama wale watatu wa Khurasan, mmojawapo asiyekaa kimya. Lakini kughushi risiti na kula njama na mkadiriaji ni kusema uwongo na kutoa rushwa, na hayo hayajahalalishwa na dhulma ya mkubwa yeyote. Baba yake akikwepa, mzigo hauangukii shangingi. Unamwangukia mama ntilie jirani yake ambaye hana pa kuficha.

Umar alifariki Rajab 101 (Februari 720), mahali paitwapo Dayr Sim'an huko Sham, akiwa na umri wa karibu miaka arobaini. Imepokewa kuwa alitiliwa sumu na mtumishi aliyehongwa, na kwamba alipomgundua alimtaka azitoe fedha alizopewa, akaziingiza Baitul Mali, akamwacha aende zake. Hata hongo ya kumuua ikawa pato la serikali.

Aliyemfuata ni shemeji yake, Yazid bin Abdul-Malik, na hapa pana jambo linalouma. Yale ya miaka miwili na nusu yakaanza kufumuliwa. Watu wa Yemen, ambao Umar aliwarudisha kwenye ushuri wa kisheria peke yake, wakarudishiwa kodi ya dhulma waliyowekewa na ndugu yake Al-Hajjaj. Ziada ya watu wa Cyprus ikarudishwa baadaye na Khalifa Hisham. Yazid alitaka kumrudishia dada yake Fatima kile kito. Akakataa, akasema hakumtii mumewe akiwa hai ili aje amuasi akiwa amekufa. Fatima hakukipokea tena kito kile, lakini mfumo mzima haukuwa na mlinzi kama Fatima. Umar alibomoa nyumba ya Rafah na kuitupa baharini. Hakupata muda wa kujenga chombo ambacho kingemzuia mrithi wake asijenge nyingine.

Mwaka 102 Yazid alimpeleka Afrika ya Kaskazini gavana mpya, Yazid bin Abi Muslim, aliyekuwa karani wa Al-Hajjaj. Huyu akataka kuwafanyia Waberberi waliosilimu yaleyale ya Iraq: warudi vijijini na walipe jizya. Hakufikisha hata miaka miwili, walimuua. Kisha wakamwandikia Khalifa kwamba wao hawakuvunja utii, ila mtu huyu alitaka kwao jambo ambalo Allah na Waislamu hawaliridhii, na kwamba wamemrudisha gavana wao wa zamani. Khalifa hakuwa na la kufanya, akakubali.

Khurasan ilichukua muda mrefu zaidi. Watu waliendelea kusilimu na kuendelea kutozwa, maasi yakawa yanazuka na kuzimwa. Mwaka 121 (739) gavana Nasr bin Sayyar alipoamua kusafisha daftari la kodi alikuta Waislamu elfu thelathini wanalipa jizya, huku wasiokuwa Waislamu elfu themanini wameondolewa. Alirekebisha, lakini ilikuwa imechelewa. Bendera nyeusi za wafuasi wa Bani Abbas zilipandishwa katika ardhi hiyohiyo ya Khurasan mwaka 129 (747), na mwaka 132 (750) utawala wa Bani Umayya ukaanguka. Washindi walipoingia Sham walifukua makaburi ya wafalme wa ukoo ule, moja baada ya jingine. La Umar bin Abdul-Aziz hawakuligusa.